Maswali kwa Katalogi

Nianze na duka. Bila duka hamtanielewa, mtasema tu mwanamke huyu ana roho mbaya, mtaondoka. Roho mbaya ninayo, sikatai, lakini sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa, tena kwa ratiba.

Baba yangu aliuza spea za magari kwa miaka arobaini na mmoja katika duka refu na jembamba, lenye rafu kutoka sakafuni hadi darini pande zote mbili, na nyuma yake ghala lenye rafu mara mbili ya hizo. Hakuna rafu hata moja iliyoandikwa kitu. Hakuna namba, hakuna karatasi, hakuna daftari la kuonyesha kipi kiko wapi. Lebo, alisema Baba, zinamrahisishia mwizi kazi na zinamfanya muuzaji awe mvivu. Kila kitu kilikaa kichwani mwake: beringi ya gurudumu la nyuma la gari fulani la mwaka fulani, rafu ya saba kutoka mlangoni, mkono wa kushoto, mstari wa tatu, nyuma ya boksi la plagi. Mafundi wa gereji zote za jirani walimwita Katalogi. Wakifika walitaja spea kabla hata ya salamu, naye aliwajibu ilipo huku anapuliza chai yake, kichwa hageuzi.

Na sisi tulitakiwa tuwe hivyo hivyo. Kila asubuhi kabla ya kufungua, alitupanga mstari mbele ya kaunta, mimi, mdogo wangu na wauzaji wawili, tumezipa rafu mgongo ili tusiibie kwa macho. Maswali matatu kwa kila mtu. Ukikosa moja, anakunyamazia. Ukikosa mawili, unasimama nje ya mlango mpaka saa nne, unatazamana na wapita njia, na kila fundi anayeingia anajua umefuata nini pale. Nilianza kusimama nje nikiwa na miaka tisa, wakati wa likizo. Fundi mmoja wa breki aliwahi kunionea huruma akanipa pipi. Baba alitoka, akaichukua mkononi mwangu, akamrudishia mwenyewe. Hakutupiga hata siku moja, hilo mlijue. Alikuwa anauliza tu, na kwa maswali hayo alituonyesha cha mtema kuni.

Mdogo wangu alikosa maswali kwa miaka sita mfululizo. Alipofika kumi na tano alivua koti la duka, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kaunta, akaenda kujifunza kunyoa. Leo ni kinyozi, ana kibanda chake chenye vioo viwili, na wateja wanampenda kwa kuwa hawasumbui kwa maswali. Mimi nilibaki kwa ubishi. Nilijiapiza nitamshika Katalogi kwenye mchezo wake mwenyewe, na nikafika mahali sikosi. Miaka ishirini na mitatu sikosi. Mnajua alinipa nini? Nikijibu sawa, alihamia kwa mwingine. Basi.

Kitu kimoja tu hakutufundisha, nacho ni ghala la nyuma. Aliingia peke yake, akatoka na kitu mkononi. Huko ndiko zilikokaa spea zisizopatikana kokote, za magari ambayo hata walioyatengeneza wameshayasahau. Nilimwomba mara nyingi anionyeshe. Alisema siku yangu itafika, kisha akageukia chai yake.

Siku iliyofika ikawa nyingine. Alikuwa juu ya ngazi anachukua pampu ya maji, akashuka polepole, akashika kaunta, akaniambia tumbo linamkata. Baba kusema anaumwa ilikuwa habari ya kutangazwa redioni, kwa hiyo sikungoja. Hospitali wakasema utumbo umejisokota na sehemu imeanza kufa, na hakuna kusubiri. Wakampasua kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu. Alikaa mezani kwa muda wa saa nne na nusu, mtu wa miaka sabini na sita. Walimkata kipande cha utumbo chenye urefu wa mkanda wa feni, wakaunga, wakafunga. Mpasuaji alitoka akatuambia mzee ana moyo wa trekta, nasi tukacheka kupita kiasi, kwa sababu tangu mchana tulikuwa hatujacheka wala hatujala.

Siku mbili za kwanza alikuwa Baba yule yule. Alilalamikia mto, alilalamikia mwanga, alimwambia sista kwamba magurudumu ya kitanda chake yana beringi mbovu. Siku ya tatu nilimkuta anachuma vitu hewani. Alichuma kimoja kimoja kwa vidole viwili, akaviweka juu ya shuka, akavipanga. Nikamuuliza anafanya nini. Akaniambia nisogee, nimekanyaga nati. Akaitazama dripu akasema oili inavuja na hakuna anayejali. Kisha akanisalimia kwa heshima kama dada yake, ambaye tulimzika zamani, akaniuliza safari ilikuwaje. Mchana alitaka kuuchomoa mpira wa puani, ikabidi watu wawili wamshike. Mgonjwa wa kitanda cha pili alisema wazi kwamba mzee huyu amerogwa. Mdogo wangu akasema ni dawa za usingizi tu. Mimi nilikwenda kumtafuta daktari.

Daktari wa wodi alikuwa msichana mdogo, kalamu ameichomeka kwenye nywele, na nilimdharau mpaka alipofungua mdomo. Alituketisha kwenye benchi la koridoni.

"Mwili ukipasuliwa vile unajiona umevamiwa," alisema. "Unapeleka jeshi kwenye kidonda, ndiyo maana kidonda kinavimba na kuwa na joto. Kwa mtu wa umri wake, ule moto haubaki kwenye kidonda peke yake. Unapita kwenye damu, unafika kwenye ubongo, ubongo nao unapata uvimbe na joto lake."

Nikamwambia kilichokatwa ni tumbo, kichwa kimeingiaje hapo.

"Ndiyo nakueleza, mama. Kisu kilipita tumboni, lakini mwili mzima umesikia."

Akatueleza kwamba wamepima damu, mkojo na mapafu, hawakuona maradhi mengine, na dawa zinazoweza kumlevya wamezipunguza. Si kichaa, si uchawi, wala si uzee uliomwangukia ghafla. Wengi hurudi baada ya siku chache au wiki kadhaa. Wengine huchukua miezi. Wengine hawarudi wote, kitu fulani kinabaki huko. Akasema sisi ndio dawa: avae miwani yake, kile kidude chake cha kusikilizia kiwe sikioni, pazia lifunguliwe mchana, ukutani kuwe na kalenda, alale usiku bila kusumbuliwa, na awe na sura anazozijua karibu.

"Na msimuulize maswali," akamalizia. "Mwambieni. Leo siku gani, hapa ni wapi, ninyi ni nani, mwambieni tu. Akiulizwa akashindwa anaogopa, na hofu inamrudisha nyuma."

Mdogo wangu akanitazama kwa jicho la pembeni. Alijua maneno yale yanamhusu nani.

Tukagawana zamu. Yeye asubuhi na jioni, mimi mchana, kuanzia saa saba hadi saa kumi. Sina budi kusema ukweli wake: mdogo wangu aliifanya kazi ile vizuri mno. Alileta kalenda yenye tarakimu kubwa, akawa anaikata siku kwa kalamu nyekundu. Alileta wembe na brashi akamnyoa Baba kila asubuhi, taratibu, huku anamsimulia: leo Jumatano, Baba, uko hospitali, tumbo lako lilitengenezwa, linapona, mimi ni mwanao, nakunyoa. Siku ya tano Baba aliacha kuchuma hewani. Siku ya sita alikunywa uji wake mwenyewe, akamwambia mdogo wangu kwamba kwa mikono ile angekuwa fundi mzuri wa gasketi. Mzee alikuwa anarudi. Niliona kwa macho yangu, nami nilifurahi, msifikiri sikufurahi.

Lakini huko dukani maji yalikuwa yamenifika shingoni. Duka la mbele nilikuwa nalimudu. Mafundi hawakutaka la mbele. Kila aliyeingia alitaka kitu cha ghalani, yaani ni kama walikubaliana. Niliingia ghalani na tochi siku nzima, nikatoka na vumbi mpaka kwenye kope, na kitu sikukiona. Yule fundi wa breki, sasa mzee mwenye meno machache, alinitazama nilivyo akasema Katalogi angekuwa ameshajibu na chai yake haijapoa. Wenzake wakacheka. Mmoja akauliza kama duka litaendelea au tumtafutie Baba mrithi mwenye kichwa. Damu ilinichemka. Miaka yote ile nimesimama pale, na kumbe bila kile kichwa kilicholazwa wodini mimi ni muuza duka tu, sina mbele wala nyuma. Kichwa kile kilikuwa lazima kirudi, chote, na haraka. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka, na sikutaka kingine.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika nyumba yetu, kumwambia mtu jibu ni kumtukana. Baba aliamini kichwa kinalala kikielezwa na kinaamka kikiulizwa, na mimi nililelewa kwa imani hiyo kama wengine wanavyolelewa kwa maziwa. Daktari alikuwa ameusoma ubongo. Mimi nilikuwa naujua wa Baba. Ndivyo nilivyojiambia nikiwa njiani kwenda wodini siku ya saba, na nilijiamini kabisa.

Nilimkuta amekaa, amenyolewa, miwani usoni. Alinitambua. Alisema, ah, umefika, duka umemwachia nani. Nikamjibu. Kisha nikavuta kiti, nikamuuliza beringi ya gurudumu la nyuma iko wapi. Nilichagua rahisi makusudi.

"Rafu ya saba, kushoto, mstari wa tatu," alisema, bila kusita.

Jamani, nilitaka kuruka. Nikamuuliza diski ya klachi ya lori dogo. Akafungua mdomo, akaufunga. Macho yakaanza kuzunguka dari, kisha yakashuka kwangu, yakanitazama usoni kana kwamba jibu limeandikwa kwenye paji langu. Nayajua macho yale. Ni ya mtu anayetaka kuibia. Nikanyoosha mkono nikamvua miwani, nikaiweka kwenye droo. Nikarudia swali. Alisema rafu ya nne. Si rafu ya nne. Nikauliza la tatu, la ghalani, kabureta ya lile lori la zamani lenye pua. Akasema rafu ya kumi na mbili, chini kabisa, ndani ya bati la biskuti.

Jioni nilikwenda ghalani. Rafu ya kumi na mbili, chini kabisa, bati la biskuti, na ndani yake kabureta, imefungwa kwa kitambaa kilichopakwa grisi. Nilikaa chini pale pale nikacheka peke yangu.

Baada ya hapo msingenizuia hata kwa kamba. Nilinunua daftari. Kila mchana nilivuta kiti, nikaivua ile miwani, nikauliza, nikaandika. Alichosema leo nilikwenda kukihakiki kesho yake. Katika kumi, mawili yalikuwa kweli, na hayo mawili yaliniambia kwamba vyote vimo humo, ni kuvichimba tu. Alipoanza kuchoka sikuacha. Alipochomoa kidude cha sikioni ili asinisikie, nilikirudisha kwa nguvu, nikakishikilia kwa kidole. Alisema anaumia. Nikamwambia ajibu, ataacha kuumia.

Na siku ya tisa nilifanya jambo ambalo daktari hakulikataza kwa sababu halikumpitia kichwani. Alikosa mawili. Nikamwambia, kwa sauti yake yeye, ile kavu, aliyekosa mawili anajua afanye nini. Hakujua. Nikamwambia ageukie ukutani. Ana kidonda kutoka kifuani hadi chini ya kitovu, na nyuzi bado zimo. Alishika tumbo kwa mikono miwili, akajisogeza kidogo kidogo, ameuma meno, akageuka. Akalala amenipa mgongo, akasema "samahani" kwa ukuta.

Niwaambie nilisikia nini? Nilisikia raha. Ilipanda kutoka miguuni. Nilimwacha hivyo mpaka saa kumi ilipogonga, nikarekebisha kitambaa changu cha kichwani, nikaenda zangu dukani. Njiani nilikuwa nahuzunika kidogo, lakini kidogo tu, na raha ilikuwa bado ipo.

Mdogo wangu akaanza kushangaa. Baba aliyekuwa anarudi sasa anarudi nyuma. Asubuhi anajikaza, jioni amevurugika, anajificha chini ya shuka, anauliza kama mlango umefungwa. Usiku akawa halali. Sista naye akaona, akamwambia daktari kwamba mzee anaharibika kila baada ya saa za mchana. Daktari akaniita, akaniuliza huwa tunazungumza nini. Nikamwambia namsimulia habari za nyumbani. Akaniuliza mbona miwani huwa iko kwenye droo. Nikasema mzee mwenyewe anaivua, ni mkaidi toka zamani. Ulimi wangu haukuwa mzito hata kidogo. Alinitazama, akaandika kitu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Siku ya kumi na mbili nilifika mapema, mafua yamenishika, koo limekauka, sauti hakuna. Mdogo wangu alikuwa ametoka kwenda kumwaga maji ya kunyolea. Baba alikuwa amekaa na miwani yake, shavu moja bado lina povu. Nikakaa pembeni ya kitanda, nikachukua taulo, nikamfuta povu. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na alinivuta karibu kama mtu anayetaka kumwaga siri.

"Dada," aliniambia, "wewe unafanya kazi hapa?"

Nikainamisha kichwa kukubali. Sijui kwa nini.

"Kuna mwanamke anakuja hapa mchana. Ananivua macho yangu, kisha ananiuliza. Nikikosa ananigeuza. Nimemwomba radhi, hasikii." Alitazama mlangoni. "Nisaidie jambo moja. Niitie binti yangu. Yuko dukani, mtu yeyote anakuonyesha. Yule haogopi mtu. Akija, huyu mwanamke hatakanyaga tena hapa."

Nilibaki nimeshika taulo. Akanibana vidole, akasema nimwahidi. Nikainamisha kichwa tena. Akaendelea, kwa sauti ya chini, na usoni ametulia kidogo kwa sababu ameahidiwa. Akasema yeye mwenyewe amemtesa mno binti huyo tangu utotoni, amemsimamisha juani, na hajawahi kumwambia kwamba amemshinda baba yake. Kwamba usiku alikuwa anakaa na taa anatafuta swali la kumkosesha, miaka na miaka, asilipate. Alitaka kumwambia. Alikuwa anaona haya.

Niliinuka. Nilitoka koridoni nikafika kwenye bomba, nikafungua maji nikayaacha yatiririke, nikanywa, nikanawa uso. Nikasafisha koo mpaka sauti ikapatikana. Nikavua kile kitambaa cha kila siku nikakitia kwenye mkoba, nikapanga nywele kwa mikono. Nilikuwa nalia, ndiyo, lakini nilikuwa pia na mpango: mwanamke wa mchana hatakuja tena kabisa. Binti ndiye atakayeingia. Nitaingia kwa mlango ule ule, nitamwambia nimefika, nimemfukuza, na mambo yataishia hapo. Nilipiga moyo konde nikarudi.

Mdogo wangu alikuwa ameshaketi, sista yuko upande wa pili anabadilisha dripu. Baba aliniona ninaingia. Uso wake ulikuwa mkunjufu kabisa, wa mtu anayemwona mgeni wake.

"Baba," nikasema, "ni mimi. Binti yako. Nimekuja."

Sikumaliza. Ile sauti ilipomfikia, alijikunja mpaka dripu ikang'oka, damu ikaanza kutoka mkononi. Hakupiga kelele. Alimshika sista kwenye aproni, akaniangalia, akasema polepole ili asikosewe:

"Ndiye huyu."

Nikasema, Baba, ni mimi, nami kila nikisema ni mimi alizidi kujikunja, kisha akageuka mwenyewe, na kidonda chake, akaelekea ukutani, bila kuambiwa. Sista akamtazama mgongo, akanitazama mimi, na nikaona anaelewa. Mdogo wangu alielewa kabla yake. Alisimama, akanishika mkono juu ya kiwiko, akanitoa nje kama unavyomtoa mlevi kwenye sherehe. Koridoni hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: yalikuwa maswali mangapi kwa siku. Nikamwambia sikuwa nahesabu.

Baba alipona. Hilo ndilo linalowashangaza watu ninapowaeleza. Baada ya wiki tano mdogo wangu alimchukua nyumbani kwake, na kufika mwezi wa tatu uvimbe wa kichwani ulikuwa umeshuka, akawa anajua siku na tarehe, anasoma gazeti, anawatania wajukuu, anatembea mpaka kwenye kibanda cha kinyozi na kurudi. Daktari alifurahi. Akasema lakini wapo wanaorudi na kitu kimoja walichokiona huko, na kitu hicho hakiwatoki, kwao ni kweli kama kikombe hiki. Alipokuwa anasema hivyo alikuwa anaangalia kwingine, si kwangu.

Nilijaribu mara mbili kwenda kama binti. Mara zote mbili nilipofungua mdomo alijikunja pale pale kwenye kiti, ikachukua siku nne kumtuliza. Mara ya tatu mdogo wangu aliniruhusu kwa sharti kwamba nisitoe sauti hata ya kukohoa. Nikaenda, nikaketi. Baba alinitazama kwa upole, bila kunitambua; uso wa binti yake haukuwa umemrudia. Mdogo wangu akamwambia huyu ni jirani, ni bubu, anapenda kukaa na watu. Baba akanisogezea chai.

Basi nikawa bubu wa Jumapili. Nafika saa tisa, naketi kwenye kile kiti cha plastiki karibu na dirisha, na Baba ananisimulia. Anapenda kunisimulia kwa sababu sina swali. Ananisimulia duka, ananisimulia mafundi, na ananisimulia binti yake, jinsi alivyo mkali, jinsi anavyotembea kwa haraka, jinsi watu wazima wanavyompisha njia. Kisha anamgeukia mdogo wangu na kumuuliza atakuja lini. Mdogo wangu anamjibu yuko njiani. Kila Jumapili yuko njiani. Nilikuwa nakunywa chai yangu na kuitazama sakafu, na nilifanya hivyo kwa miezi saba.

Jumapili iliyopita mdogo wangu alitoka kumfungulia mteja. Tulibaki wawili. Baba akavuta kiti chake mpaka magoti yake yakagusa yangu, akanitazama kupitia ile miwani. Macho yalikuwa safi kabisa, ya Katalogi mwenyewe.

"Hawa wananificha," alisema. "Mtoto yule asingekaa muda wote huu bila kuja. Hata tungekuwa tumegombana asingekaa. Wewe huna cha kusema, kwa hiyo huwezi kunidanganya. Binti yangu amekufa, sivyo?"

Ningeweza kufungua mdomo. Neno moja tu, na angejua yuko hai, na angejua yuko wapi. Ningeweza kukataa kwa kichwa pia, tukarudi Jumapili ijayo, na ijayo, yeye anangoja na mimi naangalia mlango pamoja naye. Lakini nilikuwa nimechoka kungojwa. Ndiyo hivyo tu, nimechoka, msinitafutie sababu nzuri zaidi.

Nikainamisha kichwa kukubali.

Alivua miwani mwenyewe, akaiweka mapajani. Akalia bila sauti, mdomo wazi, kwa muda mrefu. Nilimshika mkono mpaka mdogo wangu aliporudi na kuuliza kuna nini, na hapo pia sikusema kitu.